Nafuu ya sonona na namna inavyopimwa

Nafuu ya sonona ni kupungua kwa dalili za ugonjwa huo kwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe anakitambua katika usingizi wake, kazi yake na maelewano yake na watu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha ugonjwa umepungua kiasi gani. Anayetumia dawa hupimwa kwa maswali, na alama zinaweza kushuka huku mtu akibaki vilevile.

Dodoso linalotumika sana zahanati na hospitalini ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Huuliza mambo 9 yaliyomsumbua mtu katika wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Zikishuka 5 au zaidi, badiliko huhesabiwa kuwa na maana. Zikipungua nusu, tiba imeitikiwa. Zikiwa chini ya 5, dalili zimetulia. Aliyeanza na 20 akafika 10 ameitikia dawa, lakini bado ni mgonjwa, na si haki kumwacha hapo.

Majaribio mengi ya dawa yametumia kipimo cha Max Hamilton cha mwaka 1960, chenye vipengele 17 na alama 52. Mwaka 2004 taasisi ya NICE ya Uingereza ilitaka dawa izidi kidonge kisicho na dawa kwa alama 3 ndipo tofauti iwe na maana kwa mgonjwa. Uchambuzi wa Irving Kirsch na wenzake mwaka 2008 ulipata tofauti ya wastani wa alama 1.8, na ubishi wake haujaisha. Kasoro kubwa zaidi imo ndani ya kipimo chenyewe: vipengele 3, vyenye alama 6, vinauliza usingizi tu. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, humlaza mtu. Inaweza kushusha alama hizo mapema ilhali huzuni na kukata tamaa havijaguswa.

Kwa Kiswahili, kazi kubwa imefanyika Dar es Salaam. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walithibitisha dodoso la Hopkins la maswali 25 kwa wajawazito wanaoishi na VVU (2002), kisha wakatoa dodoso la hapahapa lenye vipengele 19 (2008). PHQ-9 nayo imefanyiwa uchunguzi wa aina hiyo nchini. Lakini tafiti hizo zilitazama kama dodoso linambaini mgonjwa. Kufuatilia nafuu yake mwezi hadi mwezi ni kazi nyingine.

Katika pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kutoka Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na Saadani, alama hazisomeki bila kujua maisha ya mtu. Ramadhani hubadili mlo na usingizi wa kila anayefunga. Mvuvi wa dagaa hukesha baharini akalala mchana. Malaria na upungufu wa damu huleta uchovu uleule unaoulizwa kwenye dodoso. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na kipato kikikatika moyo huzama hata kama dawa inafanya kazi. Kwa hiyo alama za mwezi wa mfungo zisilinganishwe hivihivi na za mwezi uliotangulia, na maswali yaulizwe kwa maneno yaleyale kila mara. PHQ-9 ina swali la ziada lisilojumlishwa: dalili zimekutatiza kiasi gani kazini, nyumbani na kwa watu? Hilo lipewe uzito kuliko linavyopewa. Mama lishe aliyerudi jikoni alfajiri na mvuvi aliyerudi kushona nyavu zake wanaonyesha nafuu ambayo jumla ya alama peke yake haiielezi.

Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halingoji jumla. Jibu lolote zaidi ya 0 hushughulikiwa siku hiyohiyo.

Dawa kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kuamua kama inafaa. Unayeitumia, usiiache kwa kuwa alama zimeshuka: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaka iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kutulia, kisha ipunguzwe polepole chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.