Hazina za mtandaoni zinazomfaa mwalimu na mkutubi wa Kisii na Nyamira

MWALIMU wa shule ya kutwa kule Borabu au Bomachoge anayetafuta ramani, hadithi au jaribio la sayansi kwa ajili ya somo la kesho halazimiki tena kupanda matatu hadi mjini Kisii kusaka kitabu. Vifaa vingi vya aina hiyo hupatikana bila malipo mtandaoni, vingine vikiwa vimeandaliwa na taasisi za humu nchini na vingine na vyuo vikuu vya ng'ambo. Tatizo limebadilika. Zamani lilikuwa uhaba. Siku hizi ni kuchagua. Kipi kimeidhinishwa? Kipi kinaruhusiwa kunakiliwa? Na kipi kitafanya kazi shuleni siku ambayo mtandao umepotea?

Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti baina ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti, njia iliyokuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka huo, na kuanzia hapo huduma ikaanza kusambaa kuelekea bara. Mnamo 2016 serikali ilianza kugawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma chini ya mpango uliojulikana kwa kifupi kama DLP, na zaidi ya shule 20,000 zilifikiwa kote nchini. Pamoja na tabuleti za wanafunzi, shule zilipewa vipakatalishi vya walimu, projekta, seva ya kuhifadhia masomo na ruta.

Kisha mtaala wenyewe ukabadilika. Mtaala wa Umilisi (CBC) ulianza kutekelezwa rasmi mwaka 2019 katika shule za chekechea na gredi tatu za kwanza, ukafika Sekondari Msingi Januari 2023 na Sekondari Pevu Januari 2026. Kila hatua iliwaacha walimu wakitafuta vifaa ambavyo havikuwa katika rafu za maktaba zao.

Kuanzia nyumbani

Mahali pa kwanza pa kutembelea ni tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), kicd.ac.ke. Taasisi hii, iliyofahamika kama KIE hadi sheria mpya ilipopitishwa mwaka 2013, ndiyo yenye mamlaka ya kuandaa mitaala na kuidhinisha vitabu vya shule. Miundo ya mtaala ya kila gredi na kila somo huwekwa humo ili ipakuliwe bure. Kwa hivyo, mwalimu hana sababu ya kumlipa mtu anayeuza nakala za miundo hiyo katika makundi ya WhatsApp. Aidha, KICD hutoa orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ambayo mkutubi anapaswa kuipitia kabla ya shule kutumia hata shilingi moja kununua vitabu.

KICD pia ndiyo inayosimamia Kenya Education Cloud, kec.ac.ke, ghala la vitabu, vipindi vya redio na video za masomo. Umuhimu wa ghala hili ulidhihirika Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na masomo yakalazimika kupitia redio, runinga na intaneti.

Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) nalo lina lango ambalo shule hupakua kazi za tathmini na kuwasilisha alama za wanafunzi. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huendesha mtandaoni mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ulioanzishwa mwaka 2016. Kwa somo la historia na uraia, tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, hutoa bila malipo Katiba ya mwaka 2010, sheria za nchi na maamuzi ya mahakama.

Ipo njia rahisi ya kutambua tovuti rasmi za Kenya. Anwani zinazoishia kwa .go.ke hutengewa asasi za serikali, .ac.ke taasisi za elimu ya juu, na .sc.ke shule. Mwalimu akiombwa nambari yake ya TSC au neno la siri na tovuti yenye mwisho usioeleweka, heri asite.

Lugha na hadithi

Sera ya elimu inaelekeza kwamba mtoto wa gredi za mwanzo afundishwe kwa lugha inayotumika zaidi katika eneo la shule. Kwa sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira, lugha hiyo ni Ekegusii. Hata hivyo, vitabu vya hadithi vya Ekegusii vinavyomfaa mtoto wa miaka sita ni vichache mno madukani.

Hapa ndipo tovuti ya African Storybook, africanstorybook.org, inapokuwa na manufaa ya pekee. Ilianzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za majaribio. Ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na msomaji huchagua lugha na kiwango cha ugumu. Hadithi hizo zinaweza kusomwa kwenye simu, kupakuliwa au kuchapishwa kwa karatasi.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba mwalimu anaweza kuongeza hadithi yake mwenyewe. Akijisajili, huchukua hadithi iliyokwisha kuwekewa picha, akaandika tafsiri yake chini ya kila picha, kisha akaichapisha ili shule nyingine zisome. Walimu watano wa shule jirani wakitafsiri hadithi mbili kila mmoja katika muhula mmoja, watakuwa wamepata vitabu kumi vya Ekegusii ambavyo havikuwepo. Ni vyema kazi hiyo isomwe na mzee au mwalimu mwingine mwenye ujuzi wa lugha kabla ya kuchapishwa, kwa kuwa tahajia ya Ekegusii huwatatiza hata wazawa.

Kwa walimu wa Kiswahili, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni chanzo cha matini za ufahamu kuhusu jiografia, wanyama na watu mashuhuri. Ubora wa makala zake hutofautiana sana, na mwalimu anashauriwa kulinganisha taarifa na kitabu kabla ya kuzipeleka darasani. Kwa fasihi ya Kiingereza, Project Gutenberg, gutenberg.org, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa ni vya zamani ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha nchini Marekani.

Sayansi bila maabara

Shule nyingi za kutwa hazina maabara kamili, na Sekondari Msingi zilizo ndani ya shule za msingi ndizo zenye shida kubwa zaidi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, phet.colorado.edu, ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Humo mwanafunzi huunganisha nyaya za umeme, hupima msongamano wa vitu au huchunguza mwendo wa mawimbi kwenye skrini. Baadhi ya majaribio hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti. Hayawezi kuchukua nafasi ya maabara halisi, lakini ni bora kuliko mchoro wa ubaoni peke yake.

Kwa hisabati, Khan Academy hutoa video na mazoezi ya ngazi zote bure. Masomo yake hufuata mpangilio wa Marekani, hivyo ni wajibu wa mwalimu kuyaoanisha na muundo wa KICD.

Kwa mbinu za kufundishia, mpango wa TESSA ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza uliandaa masomo ya walimu wa shule za msingi barani Afrika, yakiwemo ya Kiswahili yaliyotengenezewa Tanzania. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichokilea Chuo Kikuu cha Kisii kuanzia mwaka 2007 hadi kilipopata hati yake mwaka 2013, ni miongoni mwa washirika wa mpango huo.

Mtandao usipokuwepo

Gharama ya bando na kupotea kwa umeme ndivyo vikwazo vikubwa vijijini. Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mazingira hayo. Kiwix, kiwix.org, humwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima na maktaba nyingine, kisha kuzisoma bila intaneti. Kolibri na RACHEL hukusanya video, vitabu na mazoezi, yakawekwa kwenye tarakilishi moja inayowahudumia wanafunzi wengi.

Utaratibu wake si mgumu. Vifaa hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao wa kasi, kama vile mjini Kisii au Nyamira, vikabebwa kwenye flashi au diski ya nje hadi shuleni. Huko huwekwa kwenye tarakilishi iliyounganishwa na ruta, na tabuleti zilizo karibu huvisoma kupitia mawimbi ya ruta hiyo. Shule ambayo ruta na tabuleti zake za mpango wa DLP zingali nzima huenda isihitaji kununua kifaa kingine. Ni muhimu kuzingatia ukubwa wa faili: Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100, ilhali ya Kiswahili ni ndogo zaidi na huenea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu.

Kwa wakutubi

Huduma ya Maktaba ya Kitaifa (KNLS), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, ilifungua tawi mjini Kisii. Katiba ya 2010 iliyaweka majukumu ya maktaba chini ya kaunti. Mbali na hayo, KNLS ndiyo inayotoa nambari za ISBN nchini, jambo linalofaa kukumbukwa na shule inayotaka kuchapisha mkusanyiko wa hadithi au mashairi ya wanafunzi wake.

Mkutubi wa shule anayepanga vitabu peke yake anaweza kusaidiwa na katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, catalog.loc.gov. Akiandika jina la kitabu, mara nyingi hupata mada zake na nambari ya mfumo wa Dewey. Maktaba hiyo imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, na ndiyo sababu vitabu vingi vya Kenya hupatikana humo.

Shule iliyo tayari kuachana na daftari la kuazimia vitabu inaweza kutumia Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Huhitaji mtu mwenye ujuzi wa tarakilishi kuisimika, hivyo shule ndogo inaweza kuanza na jedwali la kawaida la tarakilishi.

Mkutubi pia ana nafasi ya kukusanya maarifa ya nyumbani. Vitabu kama "Nyansongo" cha Robert LeVine na Barbara LeVine (1966) kuhusu maisha ya Abagusii, na historia ya Abagusii kabla ya ukoloni iliyoandikwa na William Ochieng' (1974), si rahisi kupatikana madukani. Internet Archive, archive.org, ni mahali pazuri pa kuanzia msako wa vitabu vya aina hiyo.

Haki na tahadhari

Kitu kuonekana bure si ruhusa ya kukinakili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwandishi, na kusambaza vitabu vya kiada vilivyopigwa picha ni kosa hata pale nia inapokuwa njema. Vifaa vyenye leseni ya Creative Commons hueleza wazi kinachoruhusiwa: herufi BY humtaka mtumiaji amtaje mwandishi, NC humkataza kufanya biashara, ND humkataza kusambaza kazi aliyoibadilisha, na SA humtaka atoe kazi yake mpya kwa masharti yale yale.

Tahadhari nyingine ni kuhusu watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi kabla ya picha au taarifa za mwanafunzi kuwekwa mtandaoni. Mwaka 2023, shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Programu za akili bandia zinazoandika maandalio ya somo kwa sekunde chache nazo zinahitaji jicho kali. Huweza kutaja mada isiyokuwemo katika mtaala au kitabu kisichokuwepo, na anayeulizwa na wakaguzi ni mwalimu aliyetia sahihi.

Shule inayoanza leo haihitaji kuyafanya haya yote kwa pamoja. Inatosha mwalimu mmoja na mkutubi, au mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba, kupakua miundo ya mtaala ya gredi zao, kuchagua hadithi ishirini na kuweka Wikipedia ya Kiswahili kwenye tarakilishi moja. Orodha ya kilichopakuliwa, mahali kilikotoka na leseni yake ibandikwe kwenye mlango wa maktaba, ili anayehamishwa muhula ujao asiondoke na maarifa hayo.