Mfuaji na Kura: Ubunifu na Historia katika Filamu ya Suffragette

Filamu ya Suffragette (2015), iliyoongozwa na Sarah Gavron kwa mswada wa Abi Morgan, inasawiri harakati za wanawake wa Uingereza za kudai haki ya kupiga kura katika miaka ya 1912 na 1913. Emmeline Pankhurst na Emily Wilding Davison ni watu wa historia. Mhusika mkuu, Maud Watts, mfuaji wa nguo mashariki mwa London, ni wa kubuni. Kwa uteuzi huo, filamu inamweka mwanamke mfanyakazi katikati ya historia ambayo aghalabu husimuliwa kupitia viongozi.

Hata hivyo, usawiri huo unamtenga Maud na tabaka lake. Anapoteza ndoa, mtoto na kazi akiwa karibu peke yake. Sylvia Pankhurst, aliyewaunganisha wanawake wafanyakazi wa eneo hilohilo na kutengwa na chama cha mama yake mwaka 1914, si mhusika katika msuko.

Kilele ni kifo cha Davison, aliyegongwa na farasi wa mfalme huko Epsom mnamo Juni 1913. Sheria ya 1918, iliyowapa kura wanawake wenye umri wa miaka 30 au zaidi waliotimiza masharti ya mali, inaachiwa maandishi ya mwisho. Ilhali masharti hayo yangeweza kumwacha nje mfuaji aliyefukuzwa nyumbani na mumewe hadi 1928. Hivyo, kifo cha shujaa kinafunga hadithi kabla haijaulizwa ni nani hasa aliyeshinda.