Boom, Baiskeli na Vitenge

Mfuko bora kuliko yote ambao Kenya imewahi kuwa nao wa kumsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu kuanza biashara haukuanzishwa kwa nia hiyo. Ulikuwa mkopo wa chakula, malazi na vitabu, nasi tukauita boom. Najua wapo watakaoguna, hasa waliolelewa na hadithi za vijana waliomaliza boom kwenye bia kabla wiki haijaisha. Bia ilinywewa, sikatai. Lakini nikipita madukani mwa watu wa rika langu hapa Butula, Kaunti ya Busia, kuanzia Bumala hadi Kingandole, naona kadhaa ambayo bidhaa zake za kwanza zilinunuliwa kwa pesa za Wizara ya Elimu, na wizara yenyewe haikujua.

Siku hizi vyuo vina mashindano. Mwanafunzi anasimama mbele ya majaji, anaeleza wazo lake kwa dakika chache, na akishinda anapewa mtaji. Nimewahi kuketi na majaji wa aina hiyo, na ndipo nilipoanza kujiuliza mwanafunzi wa kwetu alikuwa akipata wapi mtaji kabla ya haya yote.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo kwa Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, India na kwingineko. Mwombaji alitakiwa kuweka dhamana, kama vile hatimiliki ya shamba au hati ya bima. Sasa niambie, nani katika Marachi, eneo letu hili la Butula, alikuwa na hatimiliki mwaka 1952? Mpango wa Swynnerton, uliofungua njia ya Waafrika kuandikishiwa mashamba kila mtu kwa jina lake, ulikuja 1954, na ulianzia huko Mkoa wa Kati. Babu yangu alikuwa na ardhi ya kulisha watoto na wajukuu, lakini mpaka wake ulikuwa mti na kijito, na hakuna karani ambaye angepokea kijito kuwa dhamana.

Kwa hiyo ikabaki harambee. Ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na vijana 81, ikielekea Marekani. Nauli ya ndege ilitafutwa kwa wafadhili wa huko. Suti, sanduku na pesa za mfukoni vilitoka kwa jamaa na majirani. Desturi hiyo haikufa. Hata mimi nilichangiwa: kuku, madebe ya mtama, noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama tembe ya dawa. Pesa ya harambee ni tamu, ila haifai kuwa mtaji. Ukinunua bidhaa kwa mchango wa wajane halafu zikaozea mikononi mwako, utarudi nyumbani kwa uso gani? Kila aliyetoa kuku alikuwa na haki ya kuuliza kuku wake amefika wapi, na waliuliza.

Baada ya uhuru serikali iliwalipia wanafunzi wa chuo kikuu kila kitu. Idadi yao ilipoizidi hazina, likaja wazo la mkopo, na kufikia 1974 Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam walikuwa wakikopeshwa karo na pesa za kujikimu. Hapakuwa na hatimiliki wala mwenye kuku. Ulitia sahihi, ukapokea.

Baba yangu mdogo alitia sahihi katika miaka ile ile ambayo mpaka wetu na Uganda ulikuwa ukichemka. Barafu iliunguza mikahawa ya Brazili Julai 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa tele lakini haina sabuni, chumvi wala sukari. Wakulima wa upande ule waliona afadhali kubadilishana na Mkenya kuliko kuisubiri bodi yao ya kahawa iwalipe pesa zisizonunua kitu. Watu wanakumbuka zaidi Chepkube, kule Mlima Elgon, kuwa ndiyo makao makuu ya magendo, lakini Busia na Malaba hazikulala. Baba mdogo alikuja likizo na boom iliyobaki, akanunua miche ya sabuni na magunia ya chumvi, akampa binamu yake mwenye baiskeli. Kilichorudi usiku hakikuwa sabuni. Bei ya kahawa iliposhuka, aliwekeza faida katika baiskeli nyingine na kuwakodisha vijana waliobeba abiria kati ya kituo cha mpakani cha Kenya na kile cha Uganda. Ndiyo, hizo hizo bodaboda, zilipokuwa bado na kiti cha sponji nyuma na bila injini. Alifuzu ualimu akiwa na baiskeli tatu barabarani. Sisemi magendo yalikuwa halali. Nasema somo lake la uchumi lilikuwa na maabara.

Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1990, katika kundi la kwanza la 8-4-4, mfumo ambao serikali ilisema utatufundisha kujiajiri. Shule ya upili ilinipa useremala kidogo na kilimo kingi. Kilichonifundisha biashara kilikuja mwaka uliofuata, serikali ilipoanza kugawana gharama na wazazi. Kabla ya hapo mwanafunzi aliingia bwaloni, akala, akatoka. Sasa kila sahani ikawa na bei, na pesa za chakula zikawa mikononi mwetu wenyewe.

Fikiria maana yake. Maelfu ya vijana wenye njaa, kila mmoja na pesa zake, wanalala katika majengo machache yaliyokaribiana. Katika mabweni ya State House Road kulikuwa na chumba cha chapati, chumba cha kusuka nywele, chumba cha mayai ya kuchemshwa kwa koili ya umeme iliyopigwa marufuku. Mimi nilibeba unga wa muhogo na mtama kutoka nyumbani, nikala ugali wa kwetu chumbani kwa omena, na pesa niliyookoa nikaipeleka Sofia.

Sofia ni ile sehemu ya Busia iliyo upande wa Uganda. Ukivuka tu, umefika. Vitenge vya Kongo vilipatikana pale kwa bei ambayo Nairobi ingekucheka. Nilivuka na vitano: viwili kiunoni, kimoja begani, viwili vimefungia sufuria ya shangazi. Wanawake wote walivuka hivyo. Basi la usiku lilinifikisha Nairobi alfajiri, na kufikia jioni vyote vimechukuliwa.

Vimechukuliwa, si vimelipiwa. Hapa ndipo penye siri ya boom ambayo majaji wa leo hawaioni. Nilikopesha vitenge Januari, nikaandika majina kwenye daftari la mihadhara, na malipo yakaja siku boom ilipotoka. Muuza chapati alifanya vivyo hivyo, msusi vivyo hivyo. Siku moja kila mtu alikuwa na pesa, na jioni ya siku hiyo tulizunguka milango tukidai. Tuzo humpa mtaji mtu mmoja na kumwachia kazi ya kutafuta wateja. Boom ilitupa sote mtaji na wateja kwa mkupuo mmoja. Hatari yake ilikuwa migomo: vyuo vikifungwa, daftari langu liliondoka kwenda Kisii, Meru na Taita, na baadhi ya madeni hayo nimeyasamehe kwa kuwa wenyewe sasa ni watu wakubwa.

Ilikuwa deni hata hivyo, nalo lilikumbukwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, pamoja na mambo mengine ili kuzidai pesa zilizokwisha kutolewa. Nilikatwa mshahara mpaka deni likaisha, nami sina kinyongo. Hakuna benki ya Busia ambayo ingenipa masharti yale.

Mifuko yenye jina la biashara ilikuja baadaye. Ule wa vijana ulitangazwa 2006. Jimbo la Butula, kama majimbo mengine, likatengewa shilingi milioni 1, na kikundi kilichosajiliwa kiliweza kukopa hadi 50,000. Mwanafunzi aliyekuwa Maseno au Eldoret hakuwapo kijijini kuhudhuria mikutano ya kikundi. Mfuko wa Uwezo wa 2013 nao ukatazama vikundi. Vyuoni, Kenyatta ilifungua kituo cha Chandaria mwaka 2011 cha kulea biashara changa, Nairobi ikafuata na C4DLab, na vijana wakaanza kuwania tuzo ya Hult Prize yenye dola milioni 1. Baadaye shindano la MbeleNaBiz likawagawia vijana washindi shilingi 900,000 au milioni 3.6 zisizorudishwa. Ni pesa nzuri. Ila nilipokuwa jaji nilimwona kijana mwenye programu ya simu isiyo na mtumiaji hata mmoja akimshinda msichana mwenye wateja wa mayai bweni zima, kwa sababu tu tuliwauliza biashara zao zitafika nchi ngapi. Kijana alijibu kwa Kiingereza kizuri. Msichana alijibu kuwa kuku wake hawawezi kusafiri.

Siku hizi tuna chuo chetu, Alupe, njia ya Malaba, mahali ambapo wazee bado wanapajua kwa hospitali ya ukoma. Kilianza 2015 chini ya Chuo Kikuu cha Moi na kujitegemea 2022. Mpwa wangu anasoma hapo. Alipeleka kwenye mashindano wazo la kusaga muhogo mkavu na mtama, kuupakia unga kilo mojamoja, na kuwauzia wanafunzi na watu wetu walioko Nairobi. Hakufika fainali; aliambiwa soko ni dogo. Pesa za matumizi kutoka HELB zilipoingia kwenye simu yake, alikwenda Bumala akanunua magunia mawili ya muhogo. Unga wake ni mzuri, umechanganywa kwa kipimo cha mama yake. Mimi nanunua pia, na hanipunguzii hata shilingi.