Mchezo Mrefu, Kamera Fupi

Tangu wanadamu walipopata maarifa ya kuchukua picha zinazokwenda, wamekuwa na shauku ya kuuhifadhi mchezo wa jukwaani, ambao kwa tabia yake hufa kila usiku pazia linapoteremshwa. Na tangu hapo kizuizi kikubwa kilichowakabili hakikuwa aghalabu ubora wa picha, bali urefu wa muda. Mwigizaji aliyekwisha kuanza kulia haambiwi angoje mpaka mpiga picha atie ukanda mwingine, wala mwimbaji wa taarabu hakatizi ubeti kwa sababu chombo cha mtu aliye nyuma ya viti kimejaa. Historia ya kamera za DSLR (yaani kamera za dijitali za picha za mnato zenye kioo ndani) kumbini, ambayo ni fupi sana, ni sura moja tu ya mgogoro huo wa kale. Walakini ni sura yenye kichekesho, maana safari hii kilichoukata mchezo hakikuwa upungufu wa mashine peke yake, bali pia kanuni ya forodha.

Mwezi wa Septemba 1899, mjini London, kampuni ya British Mutoscope and Biograph ilichukua vipande vichache vya *King John*, mchezo wa Shakespeare ambao Herbert Beerbohm Tree alikuwa akiuonyesha wakati huo. Ukanda uliotumika ulikuwa na upana wa milimita 68, na kazi ilifanyika katika studio ya wazi, kwa kuwa filamu za zama zile zilihitaji mwanga wa jua. Kwa hiyo wachezaji ndio waliolifuata jua, wala si kamera iliyowafuata wao ukumbini. Kipande kilichobakia, ambamo mfalme anakata roho kwa sumu, ni cha muda mdogo mno. Mwaka uliofuata, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu walimwona Sarah Bernhardt katika nafasi ya Hamlet akipigana kwa upanga, picha ikiwa imechukuliwa na Clément Maurice, na sauti ikiwa imehifadhiwa mbali katika mitungi ya fonografu. Msomaji aiweke akilini sauti hiyo iliyotengwa na picha, maana tutakutana nayo tena baada ya zaidi ya miaka mia.

Pwani yetu nayo iliujua ufupi huu mapema. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, upande mmoja wa sahani ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, na wimbo, hata ungekuwa na urefu gani barazani Unguja, sharti ulikuwa ujikunje uingie humo.

Jaribio la kuuchukua mchezo mzima, ukumbini, mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, lilipata sifa kubwa mwaka 1964, pale *Hamlet* ya Richard Burton, iliyoongozwa na John Gielgud katika ukumbi wa Lunt-Fontanne mjini New York, iliponaswa kwa kamera kadhaa za elektroniki zilizoweza kuridhika na taa za jukwaa lenyewe. Picha hiyo ilionyeshwa kwa siku mbili tu katika majumba mengi ya sinema ya Marekani, kisha nakala zake zikapaswa kuharibiwa kwa mujibu wa mkataba; lau si nakala iliyoonekana miongoni mwa mali za Burton baada ya kufa kwake, tungebaki na masimulizi. Mwaka 1970 Betty Corwin akaanzisha, katika maktaba ya umma ya New York, hazina ya michezo iliyorekodiwa, ambayo mtu huruhusiwa kuitazama humo humo maktabani. Hiyo yote ilikuwa kazi ya wenye uwezo. Kikundi cha mtaani, chenye viti vya kuazima na taa nne, hakikuwa na njia ila kamkoda ndogo ambayo, gizani, ilitoa picha iliyojaa chenga.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2008. Mwezi wa Agosti Nikon ilitangaza D90, kamera ya kwanza ya DSLR iliyoweza kuchukua video, ingawa kila kipande cha video bora kiliishia dakika 5. Na mwezi wa Septemba Canon ikatangaza EOS 5D Mark II, ambayo sensa yake ya milimita 36 kwa 24 ililingana na filamu ya kawaida ya picha za mnato. Chombo hiki hakikukusudiwa watu wa jukwaa. Kilikusudiwa wapiga picha wa magazeti, ambao wahariri wao walikuwa wamekwisha kuanza kuwadai video pamoja na picha. Na mpiga picha wa magazeti, Vincent Laforet, ndiye aliyeutangazia ulimwengu uwezo wake kwa filamu fupi iitwayo *Reverie*, iliyochukuliwa New York kwa siku za mwisho wa juma. Bei ilikuwa dola 2,699 bila lenzi. Kwa sensa pana namna hiyo, na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa sana, uso wa mwigizaji aliyesimama chini ya taa moja hafifu ulionekana kwa utulivu na heshima ambayo kamkoda ya bei ile haikuweza kuikaribia.

Lakini neema hiyo ilikuja na masharti. Kamera ya aina hii ina kioo kinachopeleka picha jichoni. Ikirekodi video, kioo hubaki kimeinuliwa, tundu la kutazamia huwa giza, na mpiga picha hulazimika kutegemea skrini ya nyuma, akizungusha fokasi kwa mkono kila mchezaji anaposogea hatua mbili. Hapo mwanzo 5D Mark II ilijichagulia yenyewe kiasi cha mwanga, na kwa kuwa nyuma ya mchezaji huwa na pazia jeusi, ilidhani ukumbi wote ni kiza, ikaongeza mwanga hata uso ukawa mweupe kama chokaa. Mafundi wengine walifunga lenzi za Nikon katika kamera ya Canon, ili kamera ikose amri juu yake, mpaka Juni 2009 Canon ilipotoa programu mpya iliyompa mwenye kamera hiari ya kuamua. Kadhalika ilichukua picha 30 kwa sekunde tu, hali katika nchi zenye umeme wa mizunguko 50, zikiwamo Tanzania na Kenya, taa nyingi humetameta zisipolingana na mwendo wa kamera. Mwendo wa picha 25 ulipatikana Machi 2010.

Palibaki tatizo la muda. Faili moja halikuweza kupita gigabaiti 4, sawa na dakika 12 hivi za video bora, kisha kamera ikasimama. Watu wa televisheni hawakuona dhiki: kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa *House*, kilichoonyeshwa Mei 2010, kilipigwa kwa kamera hii, kwa kuwa kazi yao ni ya vipande vipande. Dakika 12 jukwaani ni jambo jingine. Wimbo wa taarabu, ambao utangulizi wake wa ala pekee waweza kuchukua dakika kadhaa, hurefuka zaidi watu wanapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, nao hupita mbele ya lenzi bila kumwomba radhi mtu.

Katika dhiki hiyo ulizaliwa ustadi ambao mimi nauhesabu kuwa tunu kubwa kuliko kamera yenyewe. Mafundi walisimamisha kamera mbili au tatu, moja ikitazama jukwaa zima bila kuondolewa, wakaziwasha kwa kupishana, ili moja ikikatika nyingine iwe ingali inakwenda. Tundu la maikrofoni lilikuwa dogo, na kamera hupandisha sauti yenyewe ukumbi unaponyamaza, hata kikohozi kikasikika kuliko mwigizaji. Basi sauti ikachukuliwa kwa kinasa sauti cha pembeni, kama Zoom H4n ya mwaka 2009, kilichounganishwa na meza ya fundi sauti na kuachwa kikirekodi tangu mwanzo hata mwisho. Sauti hiyo isiyokatika ndiyo ikawa uzi wa kutungia vipande vyote. Kupiga kofi la kulinganishia mbele ya hadhira ni utovu wa adabu, kwa hiyo vipande vililinganishwa kwa mawimbi ya sauti, na programu iliyoitwa PluralEyes ikaifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kama enzi za Bernhardt, sauti na picha zilikuwa zimerudi kulala vyumba mbalimbali.

Mwaka 2012 5D Mark III ililimaliza tatizo la faili kwa kufungua jipya bila kusimama. Hata hivyo ilinyamaza ifikapo dakika 29 na sekunde 59, na sababu haikuwa ya ufundi. Kanuni za Umoja wa Ulaya ziliiacha kamera ya picha za mnato iingie bila ushuru, zikaitoza kamera ya video. Na kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 mfululizo ilihesabiwa kuwa ya video. Viwanda vikachagua kuikata sekunde moja kabla ya ushuru, na sekunde hiyo ikalipwa na wachezaji wa dunia nzima, hata wale ambao kamera yao haikupitia bandari yoyote ya Ulaya.

Desemba 2015, katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi, nchi kadhaa zilikubaliana kuondoa ushuru wa bidhaa 201 za teknolojia, kamera za video zikiwamo, na punguzo likaanza hatua kwa hatua mwaka 2016. Ilipofika 2019 Sony ilitoa a6400 isiyo na kikomo cha muda wa kurekodi, lakini hiyo ni kamera isiyo na kioo. EOS-1D X Mark III, kamera kuu ya mwisho ya DSLR kutoka Canon, iliyotangazwa Januari 2020, bado husimama dakika ya 29 na sekunde ya 59.