Bach Alipoondolewa Redioni

Februari 2005, WETA, redio ya umma mjini Washington, Marekani, iliacha kupiga muziki wa akina Bach na Mozart, ikageukia habari na mazungumzo. Mwaka 2002 WNYC ya New York ilikuwa imeuondoa muziki huo katika vipindi vya mchana. Redio hizo hutegemea michango ya wasikilizaji, na waliotafuta habari walikuwa wakiongezeka. WETA iliurudisha Januari 2007, baada ya WGMS, kituo cha kibiashara, kuacha kuupiga.

Sisi Walutheri habari hii inatuhusu. Johann Sebastian Bach alisimamia muziki wa kanisa mjini Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Alitunga kantata za ibada ya Jumapili, nyingi akizijenga juu ya tenzi za waumini. Alipokufa, Mateso ya Mathayo aliyoyatunga yalikaa karibu bila kuimbwa, mpaka Felix Mendelssohn alipoyaongoza Berlin mwaka 1829. Lakini tenzi zenyewe hazikunyamaza, maana watu waliziimba ibadani kila juma.

Baadhi yake tunazo katika Mwimbieni Bwana. Nasi wachungaji tunakiri: mara nyingi tumeacha spika ziimbe, usharika ukisikiliza. Je, wapendwa, umeme ukikatika tutaimba nini? Redio inaweza kubadili vipindi vyake wakati wowote. Utenzi ambao mtoto ameushika kwa moyo, hakuna wa kumzimia. Tuwafundishe sasa, nyumbani na kanisani.