Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mwaka 1971, kampuni ya Nissan ya Japani ilileta Afrika Mashariki gari ambalo kwa kulitazama tu halikufaa barabara za kuuzunguka Mlima Kenya. Datsun 240Z lilikuwa gari la michezo: viti viwili, boneti ndefu, paa lililoteremka hadi nyuma, tumbo karibu na ardhi. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa Wamarekani, watu wa barabara za lami. Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nalo mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka huo, na Shekhar Mehta akawa wa pili katika 240Z nyingine. Mwaka 1973, Safari ilipoingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Mehta na msomaji ramani wake Lofty Drews walishinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine.

Wanaosimulia ushindi ule huanza na injini yenye silinda sita. Sifa hizo zinastahili, ila injini haikuwa siri ya gari lile. Magari mengi yaliyokufa kwenye Safari yalikufa injini zao zikiwa bado zinanguruma. Yalikufa bodi. Historia ya gari la michezo katika nchi ya Mlima Kenya imeandikwa nyuma ya kiti cha dereva, pale ambapo fundi aling'oa alichokikuta na kuweka chuma chake.

Anayetaka kuelewa sababu na asimame Wang'uru wakati wa masika. Mji huu mkuu wa Mwea uko kwenye barabara ya kutoka Makutano kwenda Embu, katikati ya mashamba ya mpunga ambayo mifereji yake ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya mahabusu wa Mau Mau. Mpunga wa Pishori hustawi hapa kwa sababu udongo mweusi haupitishi maji. Udongo huohuo ukilowa huvimba, hunata, na kujaa kati ya gurudumu na bodi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Ukikauka hupasuka na kuacha mitaro mirefu, migumu kama saruji. Panda kuelekea Kerugoya, Karatina na Nyeri, nao weusi unageuka kuwa udongo mwekundu wa volkano, udongo wa kahawa na chai, unaoteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Gari lililouzunguka mlima kwa Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu lilipambana na namna zote mbili, pengine katika usiku mmoja.

Mashindano yenyewe yalianza Mei 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamishiwa Pasaka, mvua zinapoanza, na kwa makusudi. Katika miaka ya 1970 njia ilizidi kilomita 5,000, na barabara hazikufungwa: ng'ombe, malori na mabasi walikuwa na haki yao palepale. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404.

Magari yale yaliyoachwa njiani yalivunjika vipi? Gari dogo halina fremu nzito iliyotengana na bodi kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ni mabati yaliyokunjwa, yakalazwa moja juu ya jingine na kushikwa kwa nukta za weldi zilizoachana. Kwenye lami nukta hizo hutosha maisha yote ya gari. Kwenye mitaro ya udongo mkavu bodi hujipinda huku na huku, nukta zikaanza kuachia mojamoja. Dalili ya kwanza ni mlango unaokataa kufunga. Kisha kioo cha mbele hupata ufa bila kupigwa jiwe. Mwisho, bati la mahali shokomzoba inaposhika bodi hupasuka, na gurudumu lote hupanda juu.

Kwa hiyo fundi wa Safari alianza kwa kuvua. Zulia lilitoka, viti vya nyuma vilitoka kama vilikuwepo, na kila kitambaa kilichoficha bati kilitolewa, ili aone maungio yote kwa macho. Kisha akachomelea mstari mahali ambapo kiwandani waliweka nukta. Si mstari mmoja mrefu, kwa maana joto jingi hupindisha bati na kuifanya bodi iwe mbovu kabla haijaondoka gereji. Alichomelea vipande vifupi, akiruka kutoka upande huu kwenda ule na kuliacha bati lipoe. Ni kazi ya siku nyingi, na akishapaka rangi hakuna atakayeiona.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuunganisha kilichoachana. Katika 240Z, springi za nyuma hushika kwenye vikombe viwili vya bati vinavyojitokeza ndani ya sehemu ya mizigo, kimoja kila upande. Barabara mbaya huvisukuma vikombe hivyo kwa zamu. Bomba la chuma likifungwa kutoka kilele cha kimoja hadi cha kingine, pigo la upande mmoja hugawanywa pande mbili. Kizimba cha mabomba kinachopita juu ya vichwa vya dereva na mwenzake hufanya kazi hiyohiyo kwa gari zima. Watu hukiona kama kinga wakati gari linapobingirika, nayo ni kweli, lakini kikifungwa vizuri kinazuia pia bodi isijipinde.

Nafasi iliyobaki nyuma ilijazwa upya: tangi kubwa la petroli, magurudumu mawili ya akiba, jeki, koleo, kamba, maji. Uzito huo haukuwa mzigo wa bure. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupata mshiko likiwa na uzito juu ya magurudumu hayo, na baadhi ya timu zilifunga nje, juu ya bampa la nyuma, vishikio na mahali pa kukanyaga ili msomaji ramani asimame hapo na kurukaruka tope linapozidi. Hakuna kinachoonyesha ugumu wa Safari kuliko vishikio hivyo. Hata hivyo, magari ya michezo yaliendelea kuja. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 SC mbili zilizoinuliwa hadi tumbo likawa karibu sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston mdogo akawa wa pili, Björn Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504 Coupé, gari la milango miwili ambalo Ulaya lilinunuliwa na waungwana.

Hapa Joginder Singh lazima atajwe, kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa shujaa. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kazi ya gereji. Alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mashindano, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Takwimu hiyo ya pili ina uzito kuliko ushindi wake wote watatu. Ni takwimu ya mtu aliyeijua bodi ya gari lake.

Maarifa hayo hayakubaki kwa timu za Safari. Peugeot 404 na baadaye 504 zilipopata sifa kwenye mashindano, zikawa teksi za abiria kati ya Nairobi na miji ya mlima, na mafundi wa Nyeri na Karatina wakaongeza springi na kubadilisha viti vya nyuma. Pikapu zikawekewa mabenchi mawili yanayotazamana, zikawa matatu. Ufundi ukaingia pia darasani: watu wa Nyeri walianzisha chuo cha ufundi cha Kimathi mwaka 1972 kwa nguvu ya harambee. Leo ni chuo kikuu. Subaru Impreza ziliposhinda Safari mwaka 1997 na 2000, vijana wa mikoa hii wakapata gari jipya la kulipenda, na bomba la kuunganisha vikombe vya springi sasa huuzwa madukani likiwa limekatwa tayari.

Siku hizi gari linalopita Wang'uru kwa kasi kuliko yote ni Toyota Probox iliyobeba majani ya kutafuna ya muguka kutoka Mbeere kwenda Nairobi na kwingineko. Viti vya nyuma vimetolewa, springi zimeongezwa. Nusu ya kazi ya Safari imefanyika, ile ya kuvua na kupakia. Nusu ya pili haijaguswa: hakuna mstari uliochomelewa, hakuna bomba, hakuna kizimba. Zipo pia Probox zinazobeba watu, na abiria wa mwisho huketishwa kwenye buti bila mkanda. Waliokaa katika 240Z walifungwa mikanda ndani ya kizimba cha chuma. Huyu wa kwenye buti ana bati tupu pande zote, lililoshikwa na nukta zilezile za kiwandani, ambazo fundi wa Safari asingekubali gari liondoke nazo gereji.