Mizani ya Musompo: pima mbele ya kuuza

Kwenye madepo ya Musompo, nje ya Kolwezi, mfuko wa kobalti unapita mashini mbili: mizani inayoonyesha kilo, na Metorex inayosoma teneri, ni kusema kiasi cha kobalti ndani ya mawe. Macho ya wengi yako kwenye kilo. Lakini mfuko wa kilo 50 wenye teneri ya 2% una kilo 1 ya kobalti. Mizani ikikuibia kilo 5, umepoteza sehemu moja ya kumi. Metorex ikisoma 1.5%, imekwenda robo nzima.

Mizani ni rahisi kujaribu: ianze kwa ziro, kisha pandisha bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Isipofika kilo 20, tafuta depo ingine. Metorex haina bidoni yake. Saga sampuli, changanya vizuri, ipimishe kwa madepo mawili ao matatu. Na mawe yakauke kwanza: maji ya mvua yanaongeza kilo lakini yanashusha teneri.